Luzira: Kilima Kilichohifadhi Sura ya Udongo

Msafiri atokaye Kampala kwa njia ya Port Bell huteremka polepole kuelekea ziwani, na baada ya kilomita zipatazo 10 huyaona maji ya Ziwa Victoria yametanda mbele yake. Hapo pana bandari ipokeayo mizigo kutoka Mwanza, pana reli inayofika hadi gatini, na upande mmoja kinasimama kilima cha Luzira. Kwa wengi wetu tuvaao sare, au tulio jamaa za wavaao sare, jina hilo lina maana moja tu, yaani gereza. Lakini wataalamu wa mambo ya kale walitajapo jina la Luzira, huwa na maana nyingine kabisa.

Nilifika huko Jumamosi moja pamoja na binti yangu wa miaka tisa na Baba Mdogo, askari magereza mstaafu ambaye majirani hadi leo humwita Afande. Nilikuwa nimechukua picha niliyoipata tangu nikiwa katika chuo cha ualimu. Ni picha ya kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo na kuchomwa. Macho yake ni membamba, kama ya mtu anayesikiliza kwa makini, na nywele zake zimefanywa kwa vipande vidogo vya udongo vilivyobandikwa kimoja kimoja. Aliyekifinyanga bila shaka aliwahi kumtazama mwenzake kwa upendo au kwa heshima.

Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima hicho walifukua vigae visivyo vya kawaida. Kulikuwa na vipande vya viungo vya watu, pamoja na kichwa hicho. Bwana E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya upimaji wa miamba ya Uganda, aliarifiwa, akavichunguza, na mwaka 1933 habari zake zikachapishwa. Vitu vyenyewe vilipelekwa London, na hadi leo vimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Mwaka 2008 wataalamu Andrew Reid na Ceri Ashley walitoa maelezo mapya, wakivihusisha na vyungu vikubwa vya kale viitwavyo vya Entebbe, vinavyopatikana katika mwambao na visiwa vya ziwa hili. Hivyo umri wake hukadiriwa kuwa miaka ipatayo elfu moja.

Tuliketi chini ya mti, mbali na uzio, na Baba Mdogo akatuonyesha kilima kwa fimbo yake. Binti yangu alikuwa ameokota bonge la udongo ufukweni, akafinyanga samaki aina ya ngege, kisha mama amempakata mtoto.

"Babu, tukivichoma vitakuwa vigumu kama kile kichwa?" aliuliza.

"Vitapasuka, mjukuu wangu," alijibu mzee. "Umevijaza udongo mpaka ndani. Kitu kinene huficha maji tumboni, na moto ukiyafikia, maji hutafuta njia ya kutoka kwa nguvu. Mfinyanzi huacha uwazi ndani, kisha hukianika kivulini siku nyingi."

Nilishangaa, kwa maana sikujua kuwa ana elimu hiyo. Akasema aliipata kwa bibi yake, aliyekuwa akifinyanga mitungi. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, akiikodolea macho ile picha.

"Nilipokuwa kijana kazini," alisema hatimaye, "katika kituo kingine kando ya ziwa, nilisimamia watu wakichimba msingi wa ghala. Jembe likagonga vigae vinene. Kimoja kilikuwa na mistari kama vidole vya mkono. Mfungwa mmoja akaniletea, akasema, Afande, hiki si chungu. Mimi nikamwambia asipoteze muda. Tukavitia vyote katika shimo na kumwaga zege juu yake."

Hatukumjibu. Binti yangu akamshika mkono.

Ndugu msomaji, sijui kile kigae kilikuwa nini, wala Baba Mdogo hajui. Ndilo jambo linalomsumbua. Katika habari nilizosoma juu ya Luzira sikukuta jina hata moja la wafungwa waliochimba, lakini lau majembe yao yasingesimama, wataalamu wa London wasingekuwa na la kueleza. Mlinzi wa kwanza wa historia ni yule aliyeshika jembe.

Na ni nani ashikaye jembe na sepetu kuliko sisi? Askari huchimba handaki, polisi hujenga kituo, na mama wa kambini hulima bustani ya mboga. Ukikuta kigae chenye sura au urembo usioufahamu, simamisha kazi mahali hapo. Usikioshe wala usikigandishe kwa gundi. Weka alama pale kilipotoka, kwa kuwa mahali penyewe ni nusu ya habari. Mwarifu mkubwa wako, naye apeleke taarifa katika Makumbusho ya Uganda, barabara ya Kira, Kampala.

Wazazi nao wana wajibu wao. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto anayechezea udongo kando ya maji asikaripiwe kwa kuchafua nguo tu, bali aulizwe anafinyanga nini na ni nani aliyemfinyanga.

Jua lilipoinama tulirudi Kampala. Yule samaki alikwisha katika njia, lakini mama na mtoto wake walifika salama. Baba Mdogo aliwatoboa uwazi ndani kwa kijiti, akawaweka kivulini dirishani. Kila asubuhi hupita kuwageuza.