Breki ya Hofu Mwilini na Kazi ya Mwalimu

Mwalimu mtarajiwa hufundishwa mapema kuandaa somo, zana na maswali. Ni nadra kukumbushwa kwamba mtoto huingia darasani na mwili uliokwisha kufanya kazi tangu usiku. Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa kukosea, huko Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, tulipokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha.

Somo lilikuwa Hisabati, Darasa la Tano. Msichana mmoja aliyechelewa kufika aliitwa ubaoni kugawanya 144 kwa 12. Alisimama na chaki mkononi, asiandike kitu. Mwanachuo wetu alinyamaza akimngoja. Nasi, tukidhani muda unapotea, tuliinuka nyuma ya darasa, tukagonga meza kwa rula na kumtaka ajibu upesi. Chaki ikamwanguka. Baadaye tuliambiwa kwamba familia yake ilikesha shambani ikifukuza tembo, na katika daftari lake la juzi tulikuta hesabu kama ile ile, imepata vema.

Je, mwilini hutokea nini? Hatari ionekanapo, sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi hupeleka homoni kwa tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya njegere na hukaa chini ya ubongo. Pituitari nayo hutia katika damu homoni iitwayo ACTH, ambayo huziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe kotisoli. Kotisoli huongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu. Lakini kazi yake haiishii hapo. Husafiri na damu hadi kwenye ubongo na pituitari, ikazituliza zipunguze amri zao. Ni kama boya ndani ya tangi: maji yakipanda, boya huinuka na kuyafunga yasiingie tena.

Breki hii haikamati papo hapo. Kwa kawaida kotisoli hufika kileleni dakika 20 hadi 30 hivi baada ya mshtuko kuanza, ndipo ishuke polepole. Kipindi cha dakika 40 chaweza kwisha kabla mwili haujatulia. Tena, majaribio yameonyesha kwamba kotisoli inapozidi, mtu hupata taabu kukumbuka hata jambo alilokwisha kujifunza.

Isitoshe, breki yenyewe yaweza kulegea. Mwaka 1983 Robert Sapolsky, mtaalamu wa Kimarekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya nyani wa Maasai Mara, Kenya. Madume wa daraja la chini, wanaosumbuliwa na wakubwa wao, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wametulia. Walipodungwa deksamethasoni, dawa inayofanana na kotisoli, tezi zao hazikuitii amri ya kupunguza kama zilivyoitii zile za wakubwa. Boya lilikuwapo, ila halikufunga sawasawa.

Mtoto si nyani, na wala hatukupima damu ya msichana yule. Hata hivyo, wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Rula yetu ilikuwa ung'ongo.

Mwanachuo wetu alimwomba msichana agawe madaftari, kisha akaendelea na somo bila kumtaja. Kipindi kilichofuata, msichana alinyosha mkono mwenyewe, akaenda ubaoni na kuandika 12.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, unapouliza swali, mpe mtoto nafasi ya kufikiri. Akikwama, mpe kazi nyepesi, umrudie baadaye. Usimwadhibu asubuhi kisha ukampima saa ile ile, kwa maana utakachopima ni hofu yake, si elimu yake. Zaidi ya yote, hakikisha kwamba hofu darasani mwako ina mwisho, ili mwili wa mtoto upate kujifunga breki.

Katika fomu ya ukaguzi tulikuwa tumekwisha kuandika: "Mwalimu anaacha kimya kirefu mno." Tulilifuta neno hilo kabla ya kuondoka Mang'ula, tukampa alama zake kamili.