Lugha ya Mazungumzo, Lugha ya Masimulizi

Wanafunzi wenzangu huniuliza: mtu anayesoma lugha za Afrika anatafuta nini kwa Wakashubi, watu wa kaskazini ya Poland, karibu na Gdańsk? Natafuta jibu la swali langu: hadithi za nkambo wangu, msemaji wa Kisanga, niziandike kwa lugha gani?

Majina ya kwanza ya fasihi ya Kikashubi ni ya wanaume. Florian Ceynowa aliandika karne ya 19. Riwaya kubwa ya Aleksander Majkowski juu ya Remus ilitoka 1938. Ila mimi humrudia Anna Łajming, aliyezaliwa 1904 na kufariki 2003. Alianza kuchapisha akiwa amepita miaka 50, akaandika juu ya maisha ya kijijini na utoto wake. Msimulizi wake hutumia Kipoland. Watu wake wakifungua kinywa, ni Kikashubi.

Njia hiyo ina faida: msomaji asiyejua Kikashubi hufuata habari, na lugha ya nyumbani huingia kitabuni na sauti yake. Lakini anayesimulia ndiye anayepanga, anayeeleza na kuhukumu. Lugha iliyoachiwa mazungumzo peke yake ni kama mgeni aliyekaribishwa barazani: anasikilizwa, ila nyumba si yake.

Wanawake waliomfuata wamesogea ndani. Ida Czaja ametunga mashairi kwa Kikashubi. Hanna Makurat ni mshairi wa lugha hiyo na vilevile ameandika sarufi yake.

Tangu 2005, sheria ya Poland inakitambua Kikashubi kuwa lugha ya jimbo. Hata hivyo, sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya 100,000 wanaokisema nyumbani. Ile ya 2021, chini ya 90,000. Sheria peke yake haizai wasemaji.

Katiba yetu inataja lugha nne za taifa, na Kisanga si mojawapo. Katika kazi yangu ya mwisho wa masomo, njia rahisi ingekuwa kusimulia kwa Kifaransa na kumwachia nkambo sentensi chache ndani ya alama za kunukuu. Sitafanya hivyo. Hadithi zitasimuliwa kwa Kisanga toka mwanzo hadi mwisho. Kifaransa kitakaa chini ya ukurasa, kikitafsiri. Walimu wakiniuliza kwa nini, nitawaambia kwamba nkambo si mfano wa sarufi tu. Yeye ndiye msimulizi.