Roketi ikipaa: Mwanga kwanza, kishindo baadaye!

Msomaji wangu, wewe ambaye ukisikia neno 'roketi' unaikumbuka ile picha ya kwenye TV, moshi mweupe, namba zinahesabiwa kurudi nyuma, halafu tangazo la sabuni, wiki hii kaa mkao wa kula. Nakupeleka Titusville, Florida, kule Marekani, ambako watu hukaa ukingoni mwa maji na viti vyao vya kukunja wakingoja chuma kipae. Nimekaa hapo usiku mbili, Machi 2024, na nakwambia ukweli: kile unachokiona kwenye TV ni mchuzi tu. Nyama imebaki kule kule.

Titusville ni mji mdogo, kama mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Orlando. Mbele yake kuna maji yanaitwa Indian River. Mto ni jina tu, ule ni mkono wa bahari uliotulia kama bwawa. Ng'ambo yake ndiyo Kennedy Space Center, na hapo kuna uwanja namba 39A, pale pale walipoondokea akina Neil Armstrong kwenda mwezini Julai 16, 1969. Kutoka ukingoni mpaka kwenye roketi ni kama kilomita 20. Ishike hiyo namba, ina kazi yake mbele.

Mwenyeji wangu alikuwa dada, mtoto wa mama mkubwa, muuguzi pale Orlando kwa miaka mingi. Cha ajabu, miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kwenda kuangalia roketi hata moja. Nikamwuliza, kulikoni?

"Mdogo wangu, mimi kazini naona watu wanakufa kila wiki. Niendeshe gari saa nzima kwenda kuangalia wengine?"

Alikuwa anaizungumzia Challenger. Januari 28, 1986, chombo hicho kilivunjika angani sekunde 73 tu baada ya kuruka, kikaondoka na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Ukingo ule ule tuliokuwa tunaenda ulijaa watu siku hiyo. Sasa dada akisikia roketi, hilo ndilo linalomjia. Lakini mgeni ni mgeni, akawasha gari tukaenda.

UFUKWE WA COCO, ILA HAKUNA MIHOGO

Jumamosi, Machi 2. Bwana we, ile umati! Ukitaka kuupata mfano, fikiria Coco Beach siku ya Idi, ila toa mihogo na muziki. Familia nzima nzima, watoto wamejifunga mablanketi, wazee na redio zao, vijana na kamera zenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Mbu nao hawakubaki nyumbani. Na kiingilio? Hakuna. Ukingo ni wa wote.

Ng'ambo roketi yenyewe ilikuwa imewashiwa mataa, inaonekana kama mshumaa mweupe. Ni Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, urefu wake mita 70, sawa na ghorofa kama 20 hivi. Chini ina injini tisa. Na unajua zinakunywa nini? Mafuta ya taa! Ndiyo, ndugu yangu wa kibatari, mafuta ya taa, ila yamesafishwa sana, yanachanganywa na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji maji.

Juu yake walikuwa wanapanda watu wanne kwenda kwenye kituo cha anga za juu kinachozunguka dunia, kilomita kama 400 kutoka ardhini. Mmoja wao ndiye aliyenifanya niizime simu nikae kimya: Jeanette Epps, mwanamama mweusi kutoka Syracuse, New York, mwenye shahada ya udaktari wa uhandisi wa vyombo vya anga. NASA ilimchagua mwaka 2009. Akapangiwa safari ya 2018 kwa chombo cha Warusi, miezi michache kabla akaondolewa, na sababu haikutangazwa. Akapangiwa chombo kingine, nacho kikachelewa na kuchelewa. Hesabu mwenyewe, mpaka 2024 ni miaka 15 anangoja zamu. Sisi tukingoja daladala nusu saa tunatukana!

Basi, tumekaa, tumengoja, mara redio ya jirani ikatangaza: safari imeahirishwa. Hapa chini hata jani halikuwa na wasiwasi, lakini huko juu kwenye njia ya kupandia upepo ulikuwa mkali. Watu wakakunja viti bila ugomvi. Mzee mmoja wa pembeni, fundi mstaafu, akaona nimenuna. Akaniambia, "Kijana, wakiahirisha hakuna anayezikwa. Rudi kesho."

Mzee anajua anachosema. Novemba 14, 1969, Apollo 12 iliruka kwenye mawingu ikapigwa na radi mara mbili ndani ya dakika moja ya kwanza. Walinusurika wakafika mwezini, lakini somo lilieleweka.

Kwangu mimi ilikuwa kimbembe. Tiketi yangu ya kurudi Dar ilikuwa ya Jumatatu jioni. Jumapili wakiahirisha tena, ngoma imekwisha, nitarudi na hadithi ya mbu.

DAKIKA ILE

Jumapili, Machi 3, tukarudi. Dada safari hii alikuja na thermos ya chai na kanga ya kujifunika, dalili kwamba moyo umelegea. Muda uliopangwa ni saa 4:53 usiku. Ikiwa imebaki kama nusu saa, redio ikasema kumeonekana ufa mdogo kwenye kizibo cha mlango wa chombo. Dada akanitazama bila kusema neno. Wataalamu wakaangalia picha, wakajadiliana, wakaamua ni salama. Safari ipo.

Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi, tisa, nane...

Halafu ng'ambo kule jua likachomoza. Sina neno jingine. Mwanga wa rangi ya chungwa ukafumuka, maji yote mbele yetu yakawaka, nikaona sura ya kila mtu niliyekuwa nimekaa naye gizani tangu saa moja. Roketi ikajiinua, ikapanda. Na hakuna sauti! Hata mlio. Mwali mkubwa kiasi kile unapanda kimya kama taa ya kuning'inia inayovutwa na kamba.

Ndiyo maana nilikwambia uishike ile namba. Mwanga unafika papo hapo, lakini sauti inatembea mita kama 340 kwa sekunde. Kilomita 20 zinaichukua karibu dakika nzima. Kwa hiyo kuna dakika moja ambapo unaona kila kitu na husikii chochote. Kwenye TV dakika hiyo haipo, wanakuletea picha na sauti pamoja. Pale ukingoni umati ulionyamaza ulikuwa unaitumia kuomba. Mama mmoja mbele yangu alifumba macho kabisa, katikati ya onyesho! Wengi wao hawana ndugu kwenye kile chombo.

Kisha kikaja. Hakikuanzia masikioni, kilianzia kifuani. Mngurumo wenye mipasuko, kama mtu anachana turubai la lori angani bila kukoma. Kioo cha gari nyuma yetu kikatetemeka. Dada akanishika mkono, na kucha zake nilizisikia vizuri. Akawa anahesabu kwa Kiswahili, chini chini, "sitini na tisa, sabini, sabini na moja..." Ilipopita sabini na tatu akashusha pumzi.

Roketi ikainamia kushoto, kaskazini mashariki, ikawa nyota, ikapotea. Nikadhani shughuli imeisha. Mzee akaniambia tulia. Kipande cha chini, chenye zile injini tisa, kiliachana na chombo kikageuza njia, kikarudi chenyewe kutua kule kule Florida, kikiwa kimesimama wima. Zilipopita kama dakika tisa ikasikika mishindo mizito, pu! pu! Watoto wakapiga kelele za furaha. Redio ikatangaza wanne wale wamefika kwenye njia ya kuizunguka dunia. Hapo ndipo dada alipokaa kwenye kiti.

"Huyo mama amefika?"

"Amefika, dada."

"Haya, nimiminie chai."

Kwa taarifa yako, akina Epps waliingia kituoni Machi 5, mimi nikiwa bado kwenye viwanja vya ndege natafuta mlango wa kupandia. Walirudi salama Oktoba 25, 2024, baada ya siku 235.

NA SISI TULIKUWA NAYO

Sasa usidhani haya ni mambo ya wenzetu tu. Wanarushia Florida kwa sababu mashariki yake ni bahari, kikiharibika kinaanguka majini. Tena ukirusha kuelekea mashariki, dunia yenyewe inakusukuma kwa mzunguko wake. Na msukumo huo unazidi kadiri unavyokaribia ikweta. Nani anakaa karibu na ikweta, na bahari yake iko mashariki?

Waitaliano waliliona hilo mapema. Kuanzia 1967 hadi 1988, roketi tisa ziliruka kupeleka setilaiti angani kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Kenya. Moja ilirushwa Desemba 12, 1970, sikukuu ya Uhuru wa Kenya, nayo setilaiti yake ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Baadaye Wakenya walipopata setilaiti yao, Taifa-1, Aprili 2023, iliahirishwa mara kadhaa, ikaruka tarehe 15 kwa Falcon 9. Kutoka wapi? California!

Kwa hiyo wewe kijana unayepita Malindi kula raha, ukifika Ngomeni tafuta mzee wa pale umwulize. Wavuvi wa pwani yetu walikuwa jirani wa mambo haya kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Na ukipata bahati ya kufika Florida, shika haya: tiketi ya ndege usiipange siku inayofuata, weka siku tatu za akiba. Fika ukingoni mapema, beba sweta na dawa ya mbu, na kuwa mpole na foleni ya kurudi. Simu iache mfukoni, video ziko tele. Ile dakika ya kimya haiingii kwenye simu.

Wiki ijayo tutakuwa karibu na nyumbani. Chai ya dada imenigharimu!