Mita Tatu

Mwaka 2009 nilijenga ghala la saruji na mabati huko Kisauni, Mombasa. Ramani yangu ilipitishwa kwa sharti moja lililonikera: niache ukanda wa mita 3 kati ya ghala na nyumba iliyo nyuma yake, nipande miti na ua wa michongoma, ili jirani asikae akitazama mabati na kula vumbi la malori. Nilipiga hesabu. Mita 3 kwa 40 za urefu ni mita 120 za mraba, mahali pa mifuko mingi ya saruji. Nikajiambia kwamba watu wa ofisini hawajui biashara.

Jirani mwenyewe alikuwa bibi mmoja mjane, rafiki wa marehemu mama yangu. Kila alasiri alikuwa na desturi ya kutandika mkeka barazani, akisuka ukili huku akipunga upepo wa kusi.

Siku mbili kabla ya mkaguzi kuja, nilinunua miche 30 ya mwarubaini nikaichomeka ardhini. Mkaguzi akaihesabu, akaandika, akaenda zake. Hakuna aliyeimwagilia tena. Jua la kaskazi lilipowaka, yote ilikuwa imekwisha kuwa vijiti. Wahenga walisema mpanda ovyo hula ovyo, lakini mimi niliyepanda sikula kitu. Aliyekula ni bibi, na alichokula ni vumbi.

Aliponiita kunieleza shida yake, niliona nimepata dawa: nikajenga ukuta wa mawe wa futi 9. Baada ya mwezi nikapita kumjulia hali, nikamkuta amehamishia mkeka uani, karibu na jiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vumbi umeniondolea, ahsante. Na upepo pia umeniondolea."

Hakuinua sauti. Afadhali angenitukana.

Mwaka uliofuata nilimpeleka mjukuu wangu kutembea Haller Park, kule Bamburi. Hapo zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji. Mawe ya matumbawe yalichimbwa hadi ikabaki sakafu nyeupe isiyo na udongo, na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Aina nyingi zilikufa. Mivinje ikasimama, kwa kuwa vijidudu vilivyomo mizizini mwake huipatia naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo majani yake makavu yalilundikana chini bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayala, na kinyesi chao kikasaidia kufanya udongo. Mwaka 1984 mahali hapo pakafunguliwa kwa watu kutembea.

Mimi muuza saruji nilisimama chini ya kivuli kile nikaona haya. Shimo lile lilikuwa baya kuliko mita zangu 3 kwa kila hali. Lakini lilipata kitu ambacho ukanda wangu haukupata: mtu wa kurudi kesho yake kutazama kilichokufa, na kujiuliza kwa nini.

Niliporudi nyumbani niliita mafundi wakaupunguza ukuta hadi kiunoni. Nikapanda mivinje upande wangu, na michongoma mbele yake. Mti huchuja vumbi na kuachia upepo upite. Ukuta huzuia vyote viwili. Hayo ndiyo yaliyokuwamo katika sharti tangu mwanzo, nami nililisoma kama mtu asomaye hati ya kodi.

Bibi alitoka kutazama. Hakushukuru. Aliuliza tu:

"Nani atamwagilia?"

"Mimi, bibi."

"Si vibarua wako?"

"Mimi mwenyewe."

Sheria yaweza kuamuru mti upandwe, na mkaguzi aweza kuuhesabu siku ile anayokuja. Siku nyingine zote ni baina ya mwenye mti na jirani yake. Basi kila alfajiri, kabla malori hayajaanza kunguruma, nilikuwa nikipita na ndoo yangu. Miche 6 ilikufa, nikapanda mingine.

Alasiri moja, mwaka wa tatu, kusi ilikuwa ikivuma na mivinje inavuma nayo. Nilichungulia juu ya ukuta ule mfupi. Mkeka ulikuwa umerudi barazani.