Waya wa Breki

Baba mkubwa alikuwa na jibu moja kwa kila ugonjwa wa Land Rover yake: kabureta. Ikikohoa, kabureta. Ikizima kwenye sailensa, kabureta. Siku moja taa ya mbele iligoma kuwaka, nikamwona anaikodolea boneti kwa jicho lilelile.

Ilikuwa 109 ya Series III, petroli, silinda nne, injini ya lita mbili na robo. Tulikuwa Karatu, na lami ilikuwa bado haijafika. Tulishuka Mto wa Mbu na mahindi na maharage, tukapandisha chumvi, sabuni, mabati na watu. Mimi nilikuwa utingo: nafunga mzigo, naweka jiwe nyuma ya tairi, nashika spana.

Jiwe nililiweka sana kwenye ule mlima unaotoka Mto wa Mbu. Jua la saa nane, mzigo umejaa, gia ya pili, na vumbi letu wenyewe linatupita mbele. Katikati ya mlima injini inaanza kukosa pumzi, inavuta, inaacha, inavuta, kisha kimya. Baba mkubwa anashuka na bisibisi mkononi. Tunavua bomba la hewa, tunafungua kifuniko cha kabureta, boya linatoka, jeti zinatoka, anazipuliza moja moja kwa mdomo huku akitema petroli pembeni. Tunafunga. Anapiga stata, gari linawaka, abiria wanapiga makofi.

Nilikuwa nimeshafika umri wa kuoa nilipokuja kuelewa kwamba tulikuwa hatutengenezi chochote. Petroli ilikuwa inachemka ndani ya pampu na bomba kwa sababu ya joto, unabaki mvuke, na pampu haiwezi kuusukuma. Kufungua na kufunga kabureta kulituchukua nusu saa, na katika nusu saa hiyo injini ilipoa. Kitambaa kibichi juu ya pampu kingetosha, na mdomo wa baba mkubwa ungepumzika. Lakini utamwambia nini mtu ambaye dawa yake imeponya mara ishirini?

Alikuwa na sheria moja niliyoidharau, na ndiyo iliyokuwa sahihi kuliko zote. Jeti huzibuliwa kwa pumzi. Pumzi ikishindwa, unyasi wa ufagio. Chuma, kamwe.

Siku niliyoivunja hakuwepo. Dereva mwingine alikuwa ameweka petroli ya pipa, pipa lenye kutu, na gari likafia njiani likiwa na wagonjwa wawili. Nilipuliza hadi masikio yakaziba. Ufagio ungetoka wapi porini? Palikuwa na baiskeli juu ya mzigo. Nilichomoa uzi mmoja kwenye waya wa breki, nikauingiza kwenye jeti kubwa, nikazungusha kidogo. Uchafu ulitoka, gari likawaka, nami nikasifiwa.

Jeti ni ya shaba nyeupe laini, uzi ule ni wa chuma cha pua kikavu. Sikuhitaji kuzungusha mara mbili. Tangu siku hiyo gari lilitoa moshi mweusi, plagi zikawa kama zimetolewa jikoni kwenye kuni, na petroli ikawa inapotea bila kuonekana inakovuja. Hakuna aliyeniuliza. Nikajificha nyuma ya mlima, maana tulikuwa tunapeleka mizigo mpaka Ngorongoro, na huko juu, mita kama 2,300, hata kabureta nzima hutoa moshi. Hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam, ila jeti haijui imepanda mlima: mafuta yanakuja mengi kuliko hewa ya kuyachoma. Kila aliyelalamika alijibiwa, "Ni huku juu." Nami nikaitikia, "Ni huku juu."

Miaka miwili hivi. Kisha injini ikapelekwa Arusha kwa fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, kanzu juu na ovaroli chini siku za Ijumaa. Hakugusa kabureta. Alianza na plagi, akafungua kofia ya distribyuta, akapima pointi kwa kipimo chembamba, akashuka kwenye pampu, akamwaga maji na matope yaliyolala kwenye kikombe chake cha kioo. Kabureta ilikuja mwisho kabisa. Akaishika jeti ile kuelekea mlangoni penye mwanga, akaweka mpya kando yake, yenye namba ileile.

"Hii namba inasema uongo," alisema. "Nani aliingiza chuma humu?"

Baba mkubwa alinitazama. Mimi niliitazama pampu.

Yule fundi ndiye aliyenibakiza gereji kwake. Kuna kazi aliyonifundisha ambayo hadi leo mikono yangu inaikumbuka. Kifuniko cha kabureta yetu kilikuwa kimepinda, kwa vile kwa miaka tulikuwa tunakaza skrubu zake kama za tairi. Alitandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha, akaulowanisha kwa mafuta ya taa, akachora mistari ya penseli kwenye uso wa kifuniko. Unasugua kwa duara, taratibu, bila kukandamiza. Mistari ya pembeni inafutika kwanza. Ile ya katikati inakaa, inakaidi, na hamu ya kukandamiza inakujia vidoleni. Ikifutika yote, uso umenyooka. Unaweka kimpira kipya cha ndani, unakaza skrubu kwa mkingamo, huku kidogo, kule kidogo. Sailensa iliyorudi baada ya hapo sikuwahi kuisikia kwenye gari lile. Sarafu ingesimama juu ya injini.

Baadaye mafuta yenyewe yakawa ndiyo ugonjwa. Petroli ilichakachuliwa kwa mafuta ya taa, na kabureta nyingi zikafunguliwa bure kabisa. Mimi nilizoea kumwaga tone kiganjani: petroli safi hukuacha na ubaridi na ngozi kavu, iliyochakachuliwa hukuacha na utelezi. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba vya kutambulia uchakachuaji kwenye mafuta, mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mpaka hapakuwa tena na faida ya kuchanganya, na utelezi ukapungua kiganjani.

Sasa magari ya watalii yanayopita hapa karibu yote ni ya dizeli, hayana kabureta ya kulaumiwa. Vijana gereji huchomeka mashine chini ya usukani, wanasoma. Sioni ubaya. Ningekuwa na mashine ya kuniambia "pampu ina joto", ningepanda ule mlima mapema zaidi.

Land Rover ya baba mkubwa, Mungu amrehemu, iko kwa mwanawe wa mwisho. Aliipaka rangi, akakataa kuiwekea injini ya dizeli. Mwezi uliopita alinipigia simu akiwa njiani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Imezima wapi?"

"Mlimani. Nimeshafungua kabureta."

"Rudisha. Shika pampu kwa mkono, ina joto?"

"Inaunguza."

"Mwagia maji, subiri."

Kimya kidogo. Nikasikia maji, nikasikia abiria wanateta.

"Kaka, ila jeti nilikuwa nimeshaizibua."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa waya tu. Kuna baiskeli hapa juu."

Nina kopo la maziwa lenye jeti mpya mbili. Nilimwambia apite Jumapili.