Nyumba niliyoikataa bure

Mimi ni Mdigo wa Tanga, nimeolewa Shinyanga, huu mwaka wa 9. Safari yangu ya kwanza kijijini nilikataa kulala kwenye msonge wa mama mkwe, nikasingizia mafua ya mtoto. Ukweli ni moshi, giza, na ndama wamefungwa mle mle ndani. Tukalala gesti.

Likizo ya Juni tuliwapeleka watoto Bujora, pale Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza. Makumbusho hayo ya Wasukuma yaliasisiwa na padri kutoka Kanada, David Clement. Watoto walifurahia banda la watemi lenye umbo la kiti cha enzi. (Utemi ulifutwa 1963, ila neno “ikulu” tunalo hadi leo, na asili yake ni huku huku.)

Kisha tukaingia kwenye msonge.

“Mama, si kama ya bibi?” mkubwa akauliza.

Nami nimelipa kiingilio! Ya bibi ilianguka masika yaliyopita; sasa anakaa nyumba ya bati.

Usiku nikampigia.

“Shikamoo mama. Hivi ndama walilala upande gani?”

Alicheka mpaka akakohoa. “Marahaba mwanangu. Kulia. Wewe nilikutandikia kushoto.”