Sasa, Ami, Nikae Wapi?



Huenda ukastaajabu kuona ukurasa huu, ambao kazi yake ni kukumbushana mema, leo umekufungulia mlango wa nyumba ya ulevi. Usiwe na haraka ya kuufunga. Sikuleta habari hizi ili niusifie ulevi, wala sikuja kukwambia kuwa ulevi ni haramu, kwani hilo walijua tangu ulipokuwa chuoni. Nataka tutazame jambo jingine ambalo hatulizungumzi sana: ni kitu gani hasa kinachowavuta watu katika nyumba zile? Na sisi tulioamrishwa kuziepuka, tumewawekea nini watu wetu mahali pake?

Niliishi London miaka kadhaa, na kazi yangu ilikuwa kupeleka mboga, viazi na mkate katika majiko ya nyumba za chakula. Nyingi katika hizo zilikuwa ni zile ambazo Waingereza huziita pabu. Mapipa ya bia yaliletwa na watu wengine, na mimi sikuyagusa, maana twajua kuwa aliyelaaniwa kwa ulevi si mnywaji peke yake, bali na muuzaji na mbebaji pia. Nilipita mlango wa nyuma asubuhi, nikatua mizigo yangu, nikatiliwa sahihi karatasi yangu, nikaenda zangu. Kwa hivyo nimeziona nyumba hizo mchana kweupe, kabla ya taa na kelele, na mtu huijua nyumba vizuri zaidi aionapo inafagiliwa.

Neno pabu ni ufupisho wa maneno yenye maana ya nyumba ya umma, yaani nyumba ya watu wote. Ni mambo ya kale sana. Katika mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamrisha wauza bia watundike alama mbele ya nyumba zao ili wakaguzi wazitambue. Na kwa kuwa watu wengi hawakujua kusoma, alama hizo zikawa picha: simba, taji, farasi, kulungu. Mpaka leo pabu huitwa kwa majina ya picha hizo. Katika barabara ya Fleet Street ipo moja iliyojengwa upya mwaka 1667, baada ya moto mkubwa ulioteketeza mji mwaka mmoja kabla. Kusini ya mto Thames, mtaa wa Southwark, ipo nyingine iitwayo George, ya mwaka 1677, yenye roshani za mbao zinazotazama uani, mahali walipokuwa wakishukia wasafiri wa magari ya farasi. Siku hizi ni mali ya shirika la kuhifadhi majengo ya kale, na watu hutoka mbali kuja kuitazama.

Ndani, desturi zao ni hizi. Hakuna mtumishi atakayekujia mezani kukuuliza kinywaji chako. Wewe mwenyewe huenda kwenye kaunta, ukaagiza, ukalipa papo hapo. Hakuna foleni, lakini kila mtu anajua nani kamtangulia, na mwenye kujitia mbele huonekana hana adabu. Bia hupimwa kwa painti, ambayo ni mililita 568. Zamani usiku ukifika saa tano mwenye nyumba hugonga kengele, na watu wakajua saa ya kwenda kwao imefika.

Ama chakula chao, hicho nakijua vizuri, kwa kuwa viazi vyake vilipita mikononi mwangu. Kuna samaki wa kukaanga kwa chipsi, pai ya nyama ya ng'ombe na figo, mkate kwa jibini na achari, soseji juu ya viazi vya kuponda, na siku ya Jumapili nyama ya kuoka kwa mchuzi mzito. Tangu mwaka 1991, ilipofunguliwa pabu moja ya barabara ya Farringdon iliyotia mkazo kwenye upishi, nyingi zimegeuka kuwa mahali pa kula hasa. Lakini Muislamu asidanganyike na harufu. Soseji zile aghlabu ni za nguruwe. Yai lao lililovikwa nyama ya kusaga huvikwa nyama hiyo hiyo. Pai nyingi hutiwa bia katika mchuzi. Hata samaki, ambaye kwa asili ni halali, mara nyingi huchovywa katika unga uliokorogwa kwa bia. Hata bia zile zinazotangazwa kuwa hazina kilevi, baadhi yake kimebakia humo kidogo.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi tabia njema inavyoweza kutumiwa kwa jambo baya. Waingereza wana mtindo wa kununuliana kwa zamu. Wakiwa watu watano, wa kwanza hununua bilauri tano, kisha wa pili naye, mpaka zamu imzungukie kila mmoja. Aondokaye kabla hajanunua huonekana bahili. Hivyo aliyeingia kwa bilauri moja hutoka na tano tumboni, na kilichomnywesha si kiu, ni haya na ukarimu. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia serikali yao iliona viwanda vinadhurika kwa ulevi, na mwezi wa Oktoba 1915 ikapiga marufuku katika London mtu kumnunulia mwenziwe kinywaji. Serikali ya watu wanaokunywa ililazimika kuukataza ukarimu, kwa sababu haikuthubutu kukikataza kinywaji.

Na kabla ya hapo, mwaka 1751, Bunge lao lilipitisha sheria ya kuizuia jini, kinywaji kikali kilichokuwa kikiwamaliza maskini wa London. Mwaka huo huo mchoraji wao mashuhuri, William Hogarth, alitoa picha mbili: mtaa wa jini umejaa maangamizi, na mtaa wa bia umejaa neema. Waliona bia ndiyo dawa ya jini! Ilipofika mwaka 2016, waganga wakuu wa serikali yao waliwaambia watu kuwa anayekunywa asizidishe kiasi cha painti sita hivi za bia ya kawaida kwa wiki nzima, na kwamba hakuna kiasi kilicho salama kabisa. Qur'ani ilikwisha kutufahamisha kuwa katika ulevi mna madhambi makubwa na manufaa kwa watu, lakini madhambi yake yanayazidi manufaa.

Naam, manufaa yametajwa. Basi ni yapi?

Katika pabu moja niliyokuwa nikiihudumia, alikuwapo mzee wa Kiingereza aliyefiwa na mkewe. Kila siku mlango ulipofunguliwa saa tano ya asubuhi, yeye alikuwa keshafika. Aliagiza nusu painti, akakaa pembeni karibu na moto, akafungua gazeti lake. Bilauri ile ilimchukua mpaka saa nane. Siku moja nilikuta kiti chake ki wazi. Mwenye pabu alimwita kijana wa jikoni akamwambia, "Mzee wetu hajaja tangu juzi. Hebu kimbia ukagonge mlango wake." Kijana akaondoka na aproni yake shingoni. Kumbe mzee alikuwa na homa kali, na siku ile ile akapelekewa supu na daktari akaitwa.

Jambo lile lilinikaa moyoni. Hicho ndicho mzee yule alichokuwa akikinunua kwa nusu painti yake: mtu wa kukitazama kiti chake akiona kiko wazi. Mwandishi wao George Orwell aliandika gazetini mwaka 1946 kuieleza pabu aipendayo, na jambo la kwanza alilolitaja halikuwa bia, bali hali ya mahali penyewe: utulivu wa kuzungumza, wateja waliozoeana, na wahudumu wanaowajua watu kwa majina. Kisha akakiri kuwa pabu kama hiyo haipo. Na mwezi wa Januari 2018 serikali ya Uingereza ilimpa waziri wake mmoja jukumu la kushughulikia upweke wa watu. Tafakari: nchi tajiri kama ile imehitaji waziri wa upweke!

Lakini tusicheke. Palikuwa na kijana wa kwetu, mwanafunzi, mtoto wa watu wa dini. Niliambiwa kuwa huonekana pabu jioni, nikamwendea kwa nasaha. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Ami, wallahi mimi sinywi. Huagiza maji ya machungwa tu. Lakini msikiti hufungwa baada ya Isha, chumba changu ni baridi, na pale pana moto na watu wanaoniuliza habari zangu." Nikamkumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) amemkataza muumini kuketi kwenye meza inayozungushwa ulevi, na kwamba leo ni maji ya machungwa, kesho ni haya ya zamu. Hakunibishia. Aliinamisha kichwa, akaniuliza, "Sasa, Ami, nikae wapi?"

Ndugu msomaji, swali lile ni zito kuliko linavyosikika. Hukumu nilimpa, na hukumu ni haki. Lakini mtu hakalii hukumu; hukalia kiti.

Na palikuwa na mzee mwingine, huyu wetu, baharia wa zamani kutoka pwani, aliyesali safu ya kwanza katika msikiti mmoja ambao sitautaja jina. Alianguka chumbani mwake akavunjika nyonga, akalala sakafuni siku mbili. Aliyemsikia akigonga ukuta ni jirani yake, mama wa Kiingereza. Yeye mwenyewe alinisimulia hayo nilipokwenda kumtazama hospitali. Msikitini watu walidhani kasafiri. Safu ilijazwa, sala ikaendelea, na hapana aliyeuliza. Linganisha, basi, na kijana yule wa jikoni aliyekimbia na aproni yake.

Na jambo la kuhuzunisha zaidi ni kuwa dawa ya maradhi haya ilitoka kwetu. Kahawa ilinywewa kwanza na wacha Mungu wa Yemen, katika karne ya kumi na tano, wapate kukesha katika ibada. Mwaka 1652 mtu aitwaye Pasqua Rosée, mtumishi wa mfanyabiashara aliyetoka Smirna katika nchi ya Waturuki, alifungua nyumba ya kahawa katika kichochoro cha St Michael's Alley, na hiyo ikawa ya kwanza London. Watu walimiminika. Walikaa, wakazungumza, wakafanya biashara, na akili zao wanazo. Soko kubwa la bima la Lloyd's lilianzia katika nyumba kama hiyo. Mfalme Charles wa Pili aliogopa mazungumzo yao, akaamrisha mwezi wa Desemba 1675 zifungwe, lakini kelele za watu zilimfanya aitengue amri yake kabla haijaanza kazi. Na leo ukienda katika kichochoro kile utakuta nini mahali pa nyumba ile ya kwanza? Utakuta pabu. Kiti kikiachwa wazi, hupata mwenye kukikalia.

Wako katika Waingereza wenyewe waliolifahamu hilo. Mwaka 1832, katika mji wa Preston, Joseph Livesey na wenzake waliweka ahadi ya kuacha vileo vyote. Na mwaka 1880 mwanamke aitwaye Emma Cons alichukua jumba la michezo lililokuwa limeharibika kwa ulevi, kusini ya Thames, akaligeuza kuwa jumba la kahawa na muziki lisilouza kilevi, na masomo ya jioni yakafuata humo. Bibi huyu hakuishia kuwakemea maskini kwa kwenda pabu. Aliwajengea mahali pengine pa kwenda.

Je, sisi tunashindwa? Baraza si jambo geni kwetu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mombasa, watu hukaa barazani baada ya sala, kahawa chungu ikazungushwa, tajiri na mchukuzi wakakaa jiwe moja, na mtu asipoonekana siku mbili huulizwa. Ndugu zetu waliohamia ughaibuni walichukua sufuria na misala, lakini baraza waliiacha nyuma. Na hata miji yetu wenyewe ya nyumbani siku hizi yajengwa kuta ndefu zisizo na baraza.

Kijana yule nilimwita nyumbani kwangu Jumamosi iliyofuata, akaja na mwenziwe. Kahawa na kashata hazikunigharimu hata bei ya painti mbili. Baada ya mwezi tukawa saba.

Basi nakuomba, ndugu msomaji, ufanye mambo mawili. La kwanza, waulize wazee wa msikiti wako kama mlango waweza kubaki wazi saa moja baada ya Isha, na birika likawa juu ya moto. La pili, usiku huu, utakapotoa salamu ya kumaliza sala, tazama kulia na kushoto uone nani hayupo. Kisha, kabla hujarudi kwako, pita ukagonge mlango wake.